Sauti ya Baba Ilibaki Leopoldville

Vumbi likiungua juu ya taa za redio ya zamani hutoa harufu ambayo sijaikuta mahali pengine popote: nusu nywele zilizochomwa, nusu mkate uliosahauliwa tanurini. Juzi nilipita kwenye kibanda cha fundi mmoja hapa mjini ninapoishi, nimebeba pasi yangu iliyogoma, nikamkuta amepasua tumbo la redio kubwa ya mbao, amezichomeka taa zake, anangoja zipate moto. Harufu ile ilinifikia kabla sijatoa salamu. Nilisahau pasi. Nilisimama pale kama mtu aliyeitwa jina lake na asimwone anayemwita, na fundi, kijana mwenye adabu, akanivutia kiti akidhani nimepandwa na presha.

Hakukosea sana. Nimesoma vyuo viwili, na nimeandika makala kadhaa kuhusu namna vyombo vya mawasiliano vinavyobadilisha fikra na imani za watu, makala zenye maneno marefu ambayo hata mimi mwenyewe huyasoma kwa kusitasita. Katika zote hizo sijawahi kuthubutu kuandika kile nilichokiona kwa macho yangu kijijini kwetu, mashariki mwa Kongo, mwendo wa nusu siku kutoka Wamaza, wakati Wabelgiji bado wanatawala na mimi bado nina meno ya utoto. Labda niliogopa kuchekwa. Ninyi wa rika langu hamtacheka, au mtacheka pale panapostahili.

Nianze na ngoma, kwa kuwa kwetu kila habari ilianza na ngoma. Sizungumzii ile ya ngozi, ya kuchezea. Nasema lukumbi, gogo lililochimbwa ndani kupitia mdomo mwembamba, lenye ubavu mmoja wa sauti nene na mwingine wa sauti nyembamba, linalosema maneno hasa, siyo mdundo tu. Mzee Kalonda, mpigaji wetu, aliweza kumwita mtu aliye shambani ng'ambo ya kilima, akamwambia arudi na panga lake na asimwache mbuzi. Kila mtu mzima alikuwa na jina lake la ngoma, na jina hilo lilikuwa sentensi nzima. La Baba lilikuwa "mwenye kukata njia mpya na ile ya zamani ingalipo." Alibandikwa na babu yake kwa kumkejeli, yeye akalivaa kama nishani.

Lukumbi haikuwa na jana. Ukiisikia, ujue kwamba sasa hivi, mahali fulani, mikono ya mtu inapiga. Mikono ikitulia, neno limekwisha. Ndivyo tulivyoijua kila sauti, ya mvua, ya mbuzi, ya katekista, ya Mama akiniita nikachote maji. Sauti ilikuwa pumzi, na pumzi ilikuwa ya mtu aliye hai saa ile ile. Hata wahenga wetu, tulipowaita, tuliwaita kwa pumzi zetu sisi; wao walijibu kwa ndoto au kwa ugonjwa, kamwe si kwa sauti. Kufa kwenyewe kulikuwa ni kukosa sauti. Hakuna aliyetufundisha hayo. Tuliyajua jinsi mtu anavyojua kwamba maji huteremka.

Baba aliitwa Amisi, na alikuwa amekwenda kaskazini kufanya kazi kwenye machimbo ya bati. Alikuwa Mwislamu wa siku za Ijumaa. Mama alibatizwa Kasongo kabla ya kuolewa. Nyumbani kwetu padri alikuwa na upande wake na maalimu upande wake, na wahenga wakakaa katikati bila kugombana na yeyote. Baba aliondoka wakati tumbo la Mama limeanza kuonekana. Mtoto alipozaliwa, wa kike, habari ilimfikia kule machimboni, naye akamtuma shofere wa kamio, lori la mizigo, na kitenge kipya pamoja na jina: aitwe Sifa. Mama alikifanya kitenge kile mbeleko.

Sifa alikuwa mgongoni, ndani ya kitenge hicho, asubuhi ile lukumbi ilipolitaja jina la Baba. Mama alikuwa anapepeta mpunga. Ngoma ya kijiji cha pili ilisema, yetu ikapokea, nami nikafurahi, kwa sababu mtoto akisikia jina la baba yake linapita juu ya miti hudhani ni heshima. "Mwenye kukata njia mpya na ile ya zamani ingalipo." Kisha yakaja maneno ambayo hata mimi niliyajua: "amelala chali, majani yamemfunika." Ungo wa Mama ulibaki hewani. Mchele haukumwagika hata punje. Aliuweka chini taratibu, akakaa kando yake, akanyoosha miguu kama wafiwa wanavyokaa.

Habari ilikuwa imeletwa Kasongo na kamio, na kutoka huko ilikabidhiwa ngoma kwa ngoma hadi kwetu. Hakuna aliyeuliza kama ni kweli. Mikeka ilitandikwa uani, moto wa kilio ukawashwa, ufagio ukafichwa, vitana vikafichwa. Kwa desturi yetu, mtu akifia mbali na kuzikwa huko, wenzake humkata kucha na nywele kidogo, wakazifunga na kuzituma nyumbani. Zikifika, huzikwa nyuma ya nyumba. Wafiwa hunyolewa, moto huzimwa, kilio kimefungwa. Na jioni ya siku hiyo hiyo mjane hukabidhiwa kwa ndugu wa marehemu.

Ndugu wa marehemu alikuwa Baba mukubwa Lukanga. Alikuwa na wake wawili. Wa tatu alikuwa amemkimbia na bega lililoteguka. Hakuwa mtu wa kupiga kelele. Alikuwa mtu wa kuja nyumbani kwako, akatazama kuta zako, nawe ukaona anapima kwa macho mahali atakapoegesha baiskeli yake. Alikuja hivyo siku ya kwanza ya kilio. Mama alikuwa amekwisha kupanga na masista wa Kasongo kwamba nikaanze shule kwao. Baba mukubwa alinitazama, akamwambia dada yake, shangazi yangu, kwa sauti ya kutosha Mama asikie:

"Mutoto mwanamuke akienda kusoma, nani atatwanga?"

Mjane hajibu. Lakini tangu saa ile nilijua, jinsi mtoto anavyojua, kwamba kifurushi cha kucha kilikuwa njiani kinakuja, na kwamba siku kitakapofika nyumba yetu ingekwisha.

Ng'ambo ya barabara, mkabala na ua wetu, ilikuwa barza ya shefu, mkuu wa kijiji, na kwenye barza ilikaa redio. Serikali ilikuwa imeileta si muda mrefu kabla: sanduku la mbao lenye kitambaa mbele, batri ya gari chini ya meza, na opalere, kile kipaza sauti chenye umbo la ua lililochanua, kilichofungwa juu ya nguzo. Hakuna aliyeruhusiwa kuigusa isipokuwa karani Evaristi, kijana mwenye suruali iliyonyooka kama kisu, ambaye kabla ya kuiwasha alijifuta mikono kama padri anayejiandaa kwa misa. Kila alasiri Leopoldville, mji mkuu, ilisema Kiswahili, na watu walikuja na vigoda vyao. Sisi wenye kilio hatukwenda, ila opalere haikujua habari za kilio. Ilitupigia kelele pale pale mikekani.

Alasiri moja ya kilio zilisomwa bei za mazao, ikapigwa gitaa, kisha mtangazaji akasema sasa ni salamu za wafanyakazi. Mmoja akasalimia watu wa Nyangwe. Mwingine akasahau alichotaka kusema, akacheka, akaondolewa. Halafu mtu akakohoa. Nilikijua kile kikohozi. Kilikuwa kikiniamsha asubuhi.

"Miye Amisi, mutoto wa Kabambare, kule upande wa Wamaza. Miye niko muzima. Chakula iko, nyumba iko. Nasalimia kaka yangu Lukanga. Nasalimia Mama Faila. Faila asome, asikuwe muvivu sawa baba yake." Akacheka kidogo. "Na ule mutoto, Mama Faila, ukizaa mwanaume umuite Musafiri. Basi. Mubakie vizuri."

Gitaa likarudi.

Wa kwanza kuruka alikuwa shangazi: "Iko muzima! Amisi iko muzima!" Na hapo ua ukapasuka. Vigelegele, watu kukumbatiana, mtu akakipiga teke chungu cha maji juu ya moto wa kilio, moshi ukapanda, wanawake wakacheza ndani ya moshi. Hakuna aliyejiuliza jambo, na ninawaomba msitucheke hapa. Tulimsikia akikohoa. Maiti hakohoi. Sauti ni pumzi, na pumzi ni sasa.

Baba mukubwa peke yake hakusimama. Alibaki ameketi kama mgonjwa aliyevutiwa kiti.

Mimi nilimtazama Sifa, aliyekuwa amelala mgongoni kwa Mama huku dunia ikigeuka. Nikaona kitu ambacho mtoto pekee angekiona, kwa kuwa mtoto huwa na wivu na jina la mdogo wake. "Mama," nikaanza, "mbona Baba anasema ukizaa? Si alijua? Si ndiye aliyempa Sifa jina—"

Vidole vyake vilinipata pajani, juu ya goti, vikapinda. Alikuwa anatabasamu kwa watu, na meno yakiwa vile vile akaniambia: "Faila. Funga kinywa."

Nilifunga. Nilidhani amenikanya nisiiharibu furaha kwa kuisema sana, kama tulivyokanywa kuhesabu nyota.

Kesho yake asubuhi Mama alikwenda kwa Mzee Kalonda, nami nyuma yake. Alimkuta ameketi kando ya lukumbi, fimbo zake mbili zenye vichwa vya utomvu zimelala mapajani.

"Mzee, urudishe neno," Mama alisema. "Sema Amisi iko hai."

"Neno hairudi, mwanangu. Hakuna kipigo cha vile."

"Umemusikia mwenyewe."

"Nimemusikia. Na ngoma nimeisikia." Alionekana amezeeka kwa usiku mmoja. "Ngoma ikisema mutu amelala, haisemi kwetu peke yetu. Wale wa chini nao wanasikia, wanamufungulia mulango. Sasa nikimuita huku, na kumbe amekwisha kuingia kule? Atatoka, hataona njia ya huku wala ya kule. Atazunguka. Na nikinyamaza, na kumbe iko hai? Basi ni miye ninamuua. Siku atatokea barabarani, watoto wake watamukimbia."

Baba mukubwa alikuwa amekwisha kufika, hajaalikwa. "Upige kifo mara ya pili, tumalize," alisema. "Ile sanduku ni mambo ya bazungu."

"Weye ulisalimiwa na ile sanduku," Mzee Kalonda alimjibu. "Ulijibu nini?"

Kwetu mtu akisalimiwa na ndugu yake na asijibu, hata kama ndugu yuko ng'ambo ya mto, ni ugomvi. Na yeye hakuwa amejibu.

Kijiji kikakwama. Sijui neno bora zaidi, na nimelitafuta. Shangazi alizima moto wa kilio. Mke wa Baba mukubwa akauwasha tena. Nusu ya ua ilifagiliwa, nusu ikaachwa na majani yake, na mstari ulionekana katikati. Katekista aliombea "ndugu yetu Amisi popote alipo," akionekana kuona haya mbele ya Mungu kwa kutokuwa na anwani kamili. Maalimu aliyepita akielekea Kasongo aliulizwa kama inafaa kumsalia; akasema maiti husaliwa, aliye hai huombewa, na nyinyi mniambie kwanza ni yupi. Watu walisema kwa sauti za chini. Mume na mke waligombana kitandani juu ya mume wa mwingine. Na kila siku, alasiri, kijiji kizima kilikwenda barzani na kukaa mbele ya sanduku, kimya, bila vigoda, kama kanisani.

Mimi nilikuwa na ufumbuzi wangu. Baba hakuwa machimboni wala kwa wahenga. Alikuwa ndani ya redio. Ngoma ilisema kweli, hayupo duniani. Redio ilisema kweli, ana pumzi. Basi lazima awe mahali pa katikati penye mlango wa kitambaa. Karani alipotoka nilijipenyeza hadi mezani na kutia sikio langu kwenye mbao. Zilikuwa na joto, joto la kifua. Humo ndimo ilimotoka ile harufu ya vumbi linaloungua, nami niliivuta nikiamini ni harufu ya mahali anapolala.

Kisha sauti za redio zikaanza kufifia. Wasemaji walisema kama wagonjwa, wakakatika. Evaristi akatangaza kwamba batri imechoka, ataipeleka Kasongo ikatiwe nguvu. Aliifunga nyuma ya baiskeli kwa kamba za mpira, nami nikamshika usukani.

"Karani, usiende mbio."

"Kwa nini, mutoto?"

"Utamuangusha."

Alicheka. Halafu alinitazama, akatazama ua wetu, akaacha kucheka, na nakumbuka aliisukuma ile baiskeli kwa miguu hadi alipopotea kwenye kona. Siku ambazo batri haikuwepo sikula vizuri. Mbao zilikuwa baridi. Niliweka kinywa kwenye kitambaa nikapuliza ndani, polepole, asikose hewa. Sijawahi kusali vile tangu wakati huo, na nimesali kwenye makanisa yenye madirisha ya rangi.

Batri ilirudi, sauti zikarudi, lakini Baba hakusema tena. Walisema baba za watoto wengine. Nilidhani wamepanga mstari.

Shabani alifika saa ya jua kali. Alikuwa rafiki ya Baba tangu utoto, walikwenda machimboni pamoja. Alishuka kwenye kamio Kasongo, akaazima baiskeli, na shingoni alikuwa amening'iniza kifurushi kidogo cha majani makavu ya mgomba. Hakuna aliyehitaji kuuliza. Alimkabidhi Baba mukubwa, akapiga magoti mbele ya Mama.

"Ni homa, Mama Faila. Nilimushika kichwa. Alizikwa na kofia yake nyeupe."

"Na redio?" shangazi alipiga kelele. "Tulimusikia kwa redio!"

Shabani alishangaa. "Ile ya salamu? Gari ya redio ilipita kwetu mbele ya mvua. Tulipanga mustari, kila mutu akasema ndani ya chuma. Alikuwa munene wakati ule."

Mbele ya mvua. Yaani kabla hazijaanza, na sasa mvua zilikuwa zimekwisha. Niliwaona watu wakijaribu kuelewa, nyuso zao zikigeuka mmoja mmoja, na kilio kilichofuata kilikuwa kikubwa kuliko cha kwanza, kwa kuwa safari hii tulikuwa tumefiwa mara mbili. Mama alilia nao. Sasa naweza kusema alilia kwa namna ya mtu aliyekuwa akiyazuia machozi hayo tangu siku ya gitaa. Wakati ule niliona tu kwamba yeye peke yake hakushtuka.

Baba mukubwa hakutaka kuchelewa. Shimo lilichimbwa nyuma ya nyumba, la kina cha goti. Wembe ukanolewa kwenye jiwe. Baiskeli yake, niliona, ilikuwa imekwisha kuegeshwa ukutani kwetu. Watu wote walikuwepo, na karani Evaristi alikuja kutoa pole, amevua kofia. Mzee Kalonda alikuwa ameinama kuweka kifurushi shimoni Mama aliposema, akiwa bado ameketi mkekani, nywele zake hazijaguswa:

"Karani. Ile sauti iko wapi sasa?"

Evaristi alifikiri ni swali la majonzi. "Imekwisha, mama. Ilisemwa tu."

"Shabani anasema ilisemwa mbele ya mvua. Sisi tukaisikia nyuma ya mvua. Katikati ilikuwa inalala wapi?"

"Kwenye utepe, mama." Hapo karani alipata uhai, hakuna aliyewahi kumuuliza kuhusu mashine zake. "Ni kama kamba nyembamba, rangi ya udongo. Inazunguka, inameza sauti. Ukiizungusha tena, inaitapika."

"Na ile kamba iko wapi?"

"Leopoldville. Kwa nyumba ya redio. Wanaziweka ndani ya makabati."

"Wakitaka, itasema tena?"

"Hata mara mia, mama! Siye tutakufa wote, yeye atasema."

Mzee Kalonda aliinuka, kifurushi bado kiko mkononi. Mama aliyainamisha macho yake, kama inavyompasa mjane.

"Miye ni mwanamuke, sijui. Nauliza tu wazee. Tunazika kucha. Tunazika nywele. Na sauti?"

Baba mukubwa alilipuka. "Sauti ni upepo! Toka lini mutu akazika sauti?"

"Toka lini sauti ya mutu ikalala kwa kabati?" Mzee Kalonda alisema, polepole, akijisemea. "Kucha inabakia nyuma ya mutu, ndiyo sababu tunaizika. Nywele inabakia. Sauti haikuwa inabakia. Sasa inabakia." Alimgeukia karani. "Weye una hakika? Inakohoa vile vile?"

"Vile vile, mzee."

"Basi mutu huyu hajakuja muzima. Kipande chake kimoja kiko kwa bazungu, na kinasema."

"Upuuzi," Baba mukubwa alisema, ila sauti yake ilikuwa imeshuka. "Tufunge kilio. Jioni inakuja."

"Funga weye, Lukanga. Mikono yangu haimo. Utamuchukua mwanamuke huyu, utalala naye, na siku moja ile opalere itafunguka pale ng'ambo na mume wake atakohoa."

Mtu mmoja nyuma, sijui ni nani hadi leo, akasema: "Na ataanza kukusalimia weye, Lukanga. Si ulisikia? Weye ndiye wa kwanza."

Watu walicheka. Kwenye kilio, wakicheka na machozi hayajakauka. Baba mukubwa alitazama nguzo ya opalere iliyoonekana ng'ambo, juu ya paa letu, na mara ya kwanza maishani mwangu nilimwona mtu mzima akiogopa kitu ambacho mimi nilikuwa nikikipulizia pumzi.

Waliamua hivi. Kucha na nywele zilizikwa, lakini shimo halikujazwa hadi juu. Liliachwa na nafasi ya kiganja kwa ajili ya kile kilichobaki. Wafiwa walinyolewa, Mama hakunyolewa. Karani aliagizwa kuiomba Leopoldville irudishe utepe, akakubali kwa haraka ya mtu aliyejua hataandika hata herufi moja. Na hadi utepe ufike, Mama angebaki mke wa Amisi, katika nyumba ya Amisi, na watoto wa Amisi wangefanya alivyosema Amisi mwenyewe mbele ya kijiji kizima. Nani asiyekuwa amesikia? Faila asome.

Nilikwenda kwa masista wa Kasongo kabla ya mvua nyingine kuanza.

Nimetumia miaka mingi na vitabu vingi kujieleza kilichotokea siku ile. Huwaambia wanafunzi kwamba chombo kipya hakileti tu habari mpya, huleta aina mpya ya kuwepo na kutokuwepo. Wao huandika, wakapigia mstari. Mzee Kalonda alilimaliza somo hilo akiwa amesimama na majani ya mgomba mkononi, kisha akaenda kunawa. Ninachoshindwa nacho ni Mama. Kwamba aliijua sauti ile ni ya zamani tangu siku ya kwanza, hilo halina shaka. Paja langu ni shahidi. Alikaa kimya akiacha wazee wagombane, kwa kuwa kila siku ya ugomvi ilikuwa siku moja zaidi ya kulala peke yake. Lakini lile swali la mwisho, je, lilikuwa hila? Au aliamini kweli kwamba mumewe amefungiwa kabatini, akizungushwa na kutapika maneno?

Nilimuuliza, nilipokuwa mwanafunzi wa chuo, nimerudi likizo na miwani mipya na ujasiri wa kijinga. Alikuwa anachambua maharagwe.

"Weye ndiye umesoma," alisema. "Uniambie weye. Iko kule ao haiko?"

Ukweli ni kwamba utepe ule, kama haukufutwa, ulikuwepo.

Baba mukubwa hakukata tamaa mapema. Kila kiangazi alikuja, akaegesha baiskeli, si ukutani tena bali kwenye uzio, akaketi kwenye kigoda cha wageni.

"Mama Faila, sauti imefika?"

"Bado, shemeji."

Kisha uhuru ukaja. Opalere iliutangaza, na kabla gitaa halijaisha Baba mukubwa alikuwa kwetu, anahema, jasho linamtoka, amekwisha kuzeeka kidogo. Nilikuwa nyumbani siku hiyo. Nilikuwa nimeketi mlangoni na Sifa.

"Bazungu wanaondoka!" alimwambia Mama. "Umesikia? Makabati yao yako wazi. Sasa mutu yeyote anaweza kuingia Leopoldville na kuchukua kitu chake!"

Mama alikuwa anafua. Alikamua kitenge hadi tone la mwisho, akakining'iniza, akafuta mikono.

"Vizuri, shemeji," alisema. "Weye ndiye kaka yake. Uende uichukue. Tutakungojea."

Baba mukubwa aligeuka akaitazama barabara. Aliitazama kwa muda mrefu, kushoto inakoelekea Kasongo, na mbele zaidi, kwenye mto na misitu na miji ambayo hakuijua hata kwa majina. Halafu akaketi kwenye kigoda, akaomba maji ya kunywa.